Kompyuta ya mezani haipatikani, inaganda au inaua kazi ukiwa mbali: dalili, visababishi na tiba

Mwongozo huu ni wa mtu aliyeacha kompyuta ya mezani imewaka sehemu moja, naye anaandika programu akiwa sehemu nyingine kwa laptopu nyepesi kupitia SSH (njia salama ya kuendesha kompyuta nyingine kwa amri za maandishi). Mifano mingi ni ya Linux, hasa Ubuntu, Debian na Fedora. Windows imetajwa pale inapokwenda njia yake. Kompyuta ya mezani tutaiita "mashine" ili isichanganywe na laptopu.

Kompyuta iliyo mbele yako unaweza kuinyooshea mkono ukabonyeza kitufe, hii huwezi. Kwa hiyo swali la kwanza kila mara ni hili: pakiti (vipande vya data vinavyosafiri mtandaoni) zimekwama wapi? Kwenye laptopu, njiani, kwenye ruta, au ndani ya mashine yenyewe? Ujumbe wa kosa huwa umeshajibu, ila wengi huuruka na kwenda kulaumu intaneti.

Soma kosa kabla ya kuwasha upya kitu chochote

`Could not resolve hostname`: jina halikugeuzwa kuwa anwani. Hakuna pakiti hata moja iliyotoka kuelekea kwenye mashine, basi usiiguse. Kagua tahajia kwenye `~/.ssh/config`, kisha jaribu kwa anwani ya namba.

`Connection timed out`: pakiti zimeondoka na hakuna aliyejibu. Mashine imezima, imelala, anwani si yake tena, au ukuta wa moto unazimeza kimyakimya.

`No route to host`, ukiwa ndani ya mtandao uleule: iliulizwa anwani hii ni ya nani, na hakuna kifaa kilichoitika. Kebo imechomoka au mashine imezima. Kwenye Fedora, ujumbe huohuo hutoka pia pale firewalld (ukuta wa moto wa Fedora) inapokataa poti, yaani namba ya mlango wa huduma, kwa hiyo piga `ping` kwanza. Ikijibu, shughulika na ukuta wa moto.

`Connection refused`: hii ni nusu ya habari njema. Kuna kifaa kimekujibu, ila hakuna programu inayosikiliza poti hiyo. Hakikisha tu kilichojibu ni mashine yako na si ruta.

`Permission denied (publickey)`: umefika mlangoni kabisa. Mtandao hauna kosa lolote, achana nao.

Ukiona ujumbe usioelewa, endesha `ssh -v jina` na uangalie mstari wa mwisho kabla ya kukwama. Mstari huo mmoja una thamani kuliko saa nzima ya kubahatisha.

Asubuhi ilipatikana, mchana haipo

Anza na usingizi. GNOME, mazingira ya skrini ya mifumo hii, huhesabu kibodi na kipanya tu. Wewe uliyeingia kwa SSH na kukompaili saa nzima, kwake hupo. Tangu GNOME 3.28 ya mwaka 2018, mpangilio wake wa asili hulaza mashine iliyo kwenye umeme baada ya dakika 15 hadi 20 za kutoguswa, kutegemea toleo, na si matoleo yote ya Linux yaliyoubadilisha. Kinachowapoteza wengi ni kwamba skrini ya kuingilia ina mipangilio yake peke yake: unazima usingizi kwenye akaunti yako, unatoka, na mashine inalala palepale inaposubiri mtu aingie.

Ukishaipata tena, uliza kumbukumbu zake:

`journalctl -b | grep -i "suspend entry"`

Kikitokea kitu, umempata mkosaji. Tiba isiyobishaniwa na mazingira yoyote ya skrini ni kuziba njia zote za kulala:

`sudo systemctl mask sleep.target suspend.target hibernate.target hybrid-sleep.target`

Kwenye Windows ni `powercfg /change standby-timeout-ac 0` katika terminali ya msimamizi. Skrini iache izimike yenyewe, haina madhara.

Kama haikulala, labda umeme ulikatika. `journalctl --list-boots` huonyesha mashine iliwaka lini na kuzima lini. Fungua mwisho wa mwako uliotangulia kwa `journalctl -b -1 -e`: kuzima kwa utaratibu huacha mistari ya huduma zikisimamishwa moja baada ya nyingine, lakini umeme ukikatika kumbukumbu hukatika katikati ya shughuli za kawaida, kama sentensi isiyomaliziwa.

Umeme ukirudi, mashine nyingi hubaki zimezima kwa sababu BIOS (programu ya ubao mama inayowaka kabla ya mfumo) haijaambiwa vinginevyo. Tafuta mpangilio unaoitwa `Restore on AC Power Loss`, `AC Back` au jina linalofanana na hayo, uweke `Power On`. Halafu ufanyie majaribio ya kweli kabla ya kusafiri: zima kwenye swichi ya ukutani, hesabu hadi thelathini, washa, na usiguse kitu. Ndipo mitego mitatu hujitokeza.

Wa kwanza: BIOS inagoma kuendelea kwa sababu haioni kibodi, inasubiri ubonyeze F1. Iambie BIOS isijali makosa ya kibodi, au acha kibodi yoyote ya zamani imechomekwa.

Wa pili ni diski iliyofungwa kwa LUKS, usimbaji wa diski wa Linux. Mashine inawaka vizuri, inafika kwenye swali la nenosiri la diski, na hapo inasimama hadi mtu aje. SSH ya kawaida bado haipo, maana iko ndani ya diski iliyofungwa. Kwenye Debian na Ubuntu, sakinisha `dropbear-initramfs`, weka ufunguo wako wa umma ndani ya `/etc/dropbear/initramfs/authorized_keys`, kisha `sudo update-initramfs -u`. Baada ya hapo utaingia kwa SSH ndogo inayowaka mapema, uandike `cryptroot-unlock`, utoe nenosiri, na mfumo uendelee. SSH hiyo ndogo ina utambulisho wake tofauti na ule wa mfumo kamili, kwa hiyo ipe poti nyingine, tuseme 2222, la sivyo laptopu itapiga kelele kila siku kuwa seva imebadilika. Inahitaji kebo ya mtandao. Usitegemee Wi-Fi katika hatua hiyo.

Wa tatu ni Wi-Fi yenyewe. Nenosiri la Wi-Fi likihifadhiwa kwenye mkoba wa siri wa mtumiaji, mashine haiingii mtandaoni mpaka mtumiaji huyo aingie kwenye skrini. Fungua mipangilio ya mtandao huo katika NetworkManager na uruhusu watumiaji wote kuutumia, au kwa terminali: `nmcli connection modify "JinaLaMtandao" connection.permissions ""`, kisha ulihifadhi nenosiri upya kwa ajili ya mfumo mzima. Dawa bora kuliko zote ni kebo.

Mashine iko hai lakini anwani imehama

Ndani ya nyumba, ruta hugawa anwani kwa DHCP na haiahidi kumpa mtu ileile kesho. Ingia kwenye ruta ufunge anwani moja kwa namba ya MAC (kitambulisho cha kadi ya mtandao) ya mashine. Usipofanya hivyo, siku moja anwani ya jana itapewa runinga au simu, nawe utaona onyo kubwa la `REMOTE HOST IDENTIFICATION HAS CHANGED!` au `Connection refused` isiyoeleweka. Onyo hilo hutokea pia ukisakinisha mfumo upya. Usilifute kwa mazoea: linganisha kwanza alama ya ufunguo kwa `ssh-keygen -lf /etc/ssh/ssh_host_ed25519_key.pub` kwenye mashine yenyewe, kisha ndipo uendeshe `ssh-keygen -R jina` kwenye laptopu.

Kutoka nje, kagua kama una anwani ya umma ya kwako. Angalia anwani ya WAN (ya upande wa intaneti) ndani ya ruta, halafu linganisha na jibu la `curl -4 ifconfig.me`. Zikitofautiana, au ile ya WAN ikiangukia kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, mtoa huduma amekuweka nyuma ya NAT ya pamoja na wateja wengine, yaani mnatumia anwani moja ya umma. Hapo kufungua poti kwenye ruta ni kupoteza muda. Pakiti za nje hazifiki hata kwenye ruta yako. Njia ni kuiacha mashine ndiyo ianzishe mawasiliano kwenda nje: handaki la WireGuard (aina ya VPN) hadi seva ndogo ya kukodi yenye anwani ya umma, au huduma kama Tailscale inayopanga yote hayo kwa niaba yako.

Hata ukiwa na anwani ya umma, hatushauri kuiweka poti 22 wazi kwa dunia nzima. Itagongwa usiku na mchana. WireGuard hutumia poti moja ya UDP, kwa kawaida 51820, na haijibu lolote kwa asiye na ufunguo. Anayepekua hawezi hata kujua kuwa iko.

WireGuard ikifanya kazi dakika chache kisha mashine haipatikani mpaka yenyewe ianze kutuma kitu, NAT imesahau njia. Upande wa mashine, chini ya `[Peer]`, ongeza `PersistentKeepalive = 25`. Ikigoma sehemu moja tu huku kwingine inafanya kazi, linganisha namba za mtandao: ulipo panatumia 192.168.1.x, na nyumbani vilevile 192.168.1.x. Laptopu inaona anwani unayoitafuta iko hapohapo ilipo, haina sababu ya kupita handakini. Hamisha mtandao wa nyumbani kwenye namba zisizopendwa, mfano 192.168.77.x.

Kuiamsha mashine kwa mbali hufanyika kwa pakiti maalumu yenye baiti 102: sita za FF, kisha namba ya MAC mara 16. Kagua kadi kwa `sudo ethtool enp3s0 | grep Wake` (jina la kadi yako utalipata kwa `ip link`). Unataka `Wake-on: g`. Ikiwa ni `d`, endesha `sudo ethtool -s enp3s0 wol g` na uuweke mpangilio huo udumu kwenye NetworkManager. Kwenye BIOS zima ErP (hali ya kubana umeme), maana hukata umeme wa kadi mashine ikizimwa. Pakiti hii husambazwa ndani ya mtandao mmoja tu, kwa hiyo lazima kifaa kingine kilicho macho nyumbani, ruta au kompyuta ndogo, kiitume kwa niaba yako.

Connection refused

Kama una njia nyingine ya kuingia, au mtu wa kukusomea skrini, endesha `sudo ss -tlnp | grep ssh`. Ukikuta `127.0.0.1:22`, inasikiliza ndani tu. Usipokuta kitu, angalia `systemctl status ssh` (Fedora huduma inaitwa `sshd`). Sababu ya kawaida ni kosa la herufi ndani ya `sshd_config` lililofanywa juzi na kujitokeza leo mashine ilipowashwa upya. `sudo sshd -t` hukuonyesha mstari wenye kosa. Fanya iwe desturi: `sshd -t` kwanza, kuwasha upya huduma baadaye, na dirisha la SSH la zamani usilifunge mpaka jipya limeingia.

Ubuntu tangu 22.10 humwachia systemd kusikiliza poti kupitia `ssh.socket`. Umebadilisha `Port` na bado inasikiliza 22? Kwenye 24.04 endesha `sudo systemctl daemon-reload` kisha `sudo systemctl restart ssh.socket`.

Kabla ya kugusa ukuta wa moto (mfano ufw wa Ubuntu) ukiwa mbali, jiwekee kamba ya kujiokolea:

`echo "ufw disable" | sudo at now + 10 minutes`

Ukijifungia nje, dakika kumi zijazo mlango utafunguka wenyewe. Mambo yakienda sawa, futa kazi hiyo kwa `sudo atrm` na namba yake. Hii inahitaji `at` iwe imesakinishwa tayari.

Permission denied ingawa ufunguo upo

Mara tisa kwa kumi ni ruhusa za mafaili. sshd hukataa ufunguo ikiwa watu wengine wanaweza kuandika kwenye folda yako. `~/.ssh` iwe 700, `authorized_keys` iwe 600, na folda yako ya nyumbani isiandikike na kundi. Laptopu haitakueleza sababu; mashine ndiyo hueleza, ndani ya `sudo journalctl -u ssh`, kwa maneno `bad ownership or modes`.

`Too many authentication failures` ni kisa kingine. Laptopu ina funguo nyingi na inazijaribisha zote. Seva huvumilia majaribio 6 kisha hukata, kabla ufunguo sahihi haujafikiwa. Kwenye `~/.ssh/config`:

```
Host mashine
    HostName 192.168.77.10
    User dev
    IdentityFile ~/.ssh/id_ed25519
    IdentitiesOnly yes
    ServerAliveInterval 30
```

Na kama umeandika `PasswordAuthentication no` lakini bado inaomba nenosiri, chungulia `/etc/ssh/sshd_config.d/`. Mafaili ya humo husomwa mwanzo, na sshd hushika thamani ya kwanza iliyoikuta, si ya mwisho. Wengi hudhani ni kinyume. `sudo sshd -T | grep -i passwordauth` huonyesha kinachotumika kweli.

Inaunganishwa, kisha inaganda

Kuna kuganda kwa aina mbili, na tiba zake hazifanani.

Aina ya kwanza: umeacha dirisha dakika kumi, ukirudi halijibu na halikatiki. Ruta njiani imefuta kumbukumbu ya muunganisho uliokaa kimya. `ServerAliveInterval 30` kama hapo juu huondoa tatizo. Dirisha lililokufa tayari lifunge kwa kubonyeza Enter, kisha `~`, kisha nukta.

Aina ya pili inasumbua zaidi kwa sababu kila kitu kidogo kinafanya kazi. `ping` inajibu. `ssh -v` inakwenda hadi `expecting SSH2_MSG_KEX_ECDH_REPLY` na kusimama. Au unaingia vizuri, `pwd` inajibu, lakini ukiandika `ls` kwenye folda yenye mafaili mengi, dirisha linakufa. Pakiti ndogo zinapita, kubwa zinadondoka: hii ni MTU, ukubwa wa juu wa pakiti unaoruhusiwa njiani. Pima ukiwa Linux:

`ping -M do -s 1472 anwani`

1472 na baiti 28 za vichwa ni 1500, kipimo cha kawaida cha Ethernet. Isipopita, shuka: 1464 (inalingana na 1492 ya PPPoE), 1392, 1372. Namba ya kwanza inayopita, ongeza 28, umepata MTU ya njia. WireGuard hutumia 1420 kwa asili. Juu ya mtandao wa simu au handaki ndani ya handaki jingine huwa ni nyingi mno. Ukitaka kuthibitisha upesi, weka `MTU = 1280` chini ya `[Interface]` pande zote mbili. Kuganda kukiisha, ndipo uiongeze namba taratibu.

Vyovyote iwavyo, usiendeshe kazi ndefu ukiwa uchi. `tmux new -s kazi`, fanya kazi yako humo. Muunganisho ukikatika, programu inaendelea, nawe unarudi kwa `tmux attach -t kazi`. Huduma unazoziendesha kwa `systemctl --user` zinahitaji kitu kingine, `loginctl enable-linger`, la sivyo huzimwa unapotoka.

Herufi zinachelewa kutokea

Kila herufi unayobonyeza husafiri hadi kwenye mashine na kurudi ndipo uione. Kasi ya kupakua haina uhusiano na hili. Muda wa kwenda na kurudi ndio wenye neno. Acha `ping` ikiendelea kwenye dirisha moja na uangalie umbo la namba.

Zikiwa juu daima, tuseme 250 ms, ni umbali. Tumia mosh (UDP 60000 hadi 61000), ambayo huchora herufi bila kusubiri, au hamishia uhariri kwenye laptopu na uache ukompailishaji tu kwa mashine.

Zikiwa 40 na kuruka hadi 900 pale tu `docker push` au nakala rudufu inapoanza, njia ya kupandisha ya nyumbani imejaa na pakiti zako zinapanga foleni ndani ya ruta. Dawa ya kudumu ni kuwasha usimamizi wa foleni kwenye ruta, cake au fq_codel, ukiweka kikomo karibu asilimia 90 ya kasi halisi. Dawa ya leo ni kubana anayejaza: `rsync --bwlimit=1000` hukomesha kwenye takriban megabaiti moja kwa sekunde.

Zikirukaruka bila mpango hata mtandao ukiwa mtupu, na mashine iko kwenye Wi-Fi, zima hali ya kuokoa umeme ya kadi: `sudo iw dev wlan0 set power_save off`. Kwa walio kwenye kebo, `ethtool enp3s0 | grep Speed`. Ikisema 100Mb/s ilhali kadi na swichi ni za gigabiti, kebo ni mbovu: gigabiti inahitaji jozi zote nne za nyaya, 100 huridhika na jozi mbili. Waya mmoja wa zile jozi mbili za ziada ukikatika ndani ya kichwa cha kebo, mtandao hauzimiki, unashuka tu.

Kihariri kinagoma lakini terminali iko sawa

VS Code hupandikiza seva yake ndani ya `~/.vscode-server` upande wa mashine. Ikizunguka kwenye hatua ya kusakinisha, angalia nafasi kwa `df -h ~`, kisha ua michakato yake iliyobaki na ufute folda hiyo, itajisakinisha upya. Tangu toleo la 1.99 la mwaka 2025 inadai glibc (maktaba ya msingi ya mfumo) 2.28 au zaidi (`ldd --version`), hivyo Ubuntu 18.04, yenye 2.27, imeachwa nje.

`ENOSPC: System limit for number of file watchers reached` huwafanya watu wafute mafaili bure. Diski haijajaa. Kilichokwisha ni idadi ya mafaili ambayo keneli imekubali kuyaangalia mabadiliko yake, na `node_modules` moja yaweza kula maelfu. Andika `fs.inotify.max_user_watches=524288` ndani ya `/etc/sysctl.d/60-watches.conf`, kisha `sudo sysctl --system`. Zikitumika zote hula takriban MB 540 za RAM, basi pia ondoa `node_modules` na folda za matokeo kwenye orodha ya vinavyoangaliwa na kihariri.

`df -h` ikionyesha nafasi ipo na bado unaambiwa diski imejaa, jaribu `df -i`: mafaili madogomadogo yamemaliza inodi, nafasi za kuorodhesha mafaili. Na kama ulifuta logi kubwa lakini nafasi haikurudi, kuna programu bado imeishikilia. `sudo lsof +L1` huitaja. Docker nayo hujaa kimya. `docker system df` kwanza, `docker system prune` baadaye.

Amri kama `ssh mashine 'node -v'` kujibu `command not found` ilhali ukiingia kawaida ipo, hilo ni suala la `.bashrc`. Juu ya faili hilo kuna mistari inayosimamisha usomaji kama hakuna mtu kwenye kibodi, na nvm (kisimamizi cha matoleo ya Node) imejiandika chini yake. Ihamishe juu.

Kazi inakufa katikati ya kukompaili

Neno `Killed` peke yake, au namba 137 (128 na ishara ya 9), maana yake keneli imeishiwa RAM na kuchagua wa kutolewa kafara. Thibitisha: `sudo dmesg -T | grep -i "out of memory"`. Mradi wa C++ huweza kula GB 1 hadi 2 kwa kila kazi sambamba, kwa hiyo `make -j16` kwenye RAM ya GB 16 ni kujitafutia. Anza na `-j6`. Ongeza pia nafasi ya akiba kwenye diski (kwa ext4):

```
sudo fallocate -l 8G /swapfile
sudo chmod 600 /swapfile
sudo mkswap /swapfile
sudo swapon /swapfile
```

Iandike kwenye `/etc/fstab` idumu.

`internal compiler error: Segmentation fault` ni hadithi nyingine. Endesha tena bila kubadilisha kitu. Ikifa kwenye faili lilelile, mstari uleule, shuku kompaila. Ikihamahama, leo faili hili, kesho lile, shuku chuma: RAM mbovu, au RAM iliyosukumwa kwa XMP (mpangilio wa kuiongezea kasi) kupita inavyomudu. `sudo memtester 4G 3` inaendeshwa kwa mbali na hukamata kasoro nyingi; uamuzi wa mwisho ni wa Memtest86+ usiku kucha, ukiwa pale. Kuzima XMP kwenye BIOS ni jaribio la bure.

Ikikompaili haraka dakika mbili za kwanza kisha kuzubaa, ni joto. Endesha `watch -n1 sensors` kwenye kidirisha kimoja cha tmux na ujenzi kwenye kingine. Nyuzi 95 hadi 100 huku MHz kwenye `/proc/cpuinfo` zikishuka maana yake prosesa inajibana isiungue. Vumbi kwenye feni, au mashine imesukumwa ndani ya kabati.

Kivinjari hakioni localhost, git inakukataa

Umeandika `ssh -L 3000:localhost:3000 mashine` na kivinjari kinaonyesha ukurasa mtupu, huku terminali ikisema `channel 3: open failed: connect failed: Connection refused`. Handaki ni zima. Mwisho wake hakuna anayesikiliza anwani hiyo. Tangu Node 17, `localhost` yaweza kuwa `::1` badala ya `127.0.0.1`. Angalia `ss -tln | grep 3000` upande wa mashine, na uandike anwani hasa: `-L 3000:[::1]:3000`. Usiifungue seva ya majaribio kwenye `0.0.0.0` kwa sababu tu inaonekana rahisi.

Git ikikataa ufunguo ndani ya tmux tu, na nje ya tmux inakubali, ni kwa sababu tmux imeshika `SSH_AUTH_SOCK` ya muunganisho wa jana uliokwisha kufa. Kidirisha kipya cha tmux hupata thamani mpya. Katika kidirisha cha zamani:

`eval "$(tmux show-environment -s SSH_AUTH_SOCK)"`

Vyeti vinakataliwa, make inalalamika kuhusu saa

`Clock skew detected`, au kila tovuti kusemekana ina cheti ambacho muda wake bado haujafika: endesha `timedatectl`. Tofauti ikiwa ni saa kamili zinazolingana na umbali wa eneo lako na UTC, mashine ina Windows na Linux pamoja na kila mmoja anaisoma saa ya ubao kivyake. Tofauti ikiwa ya miaka, na inarudi kila umeme unapokatika, betri ya CR2032 kwenye ubao imekwisha. Ibadilishe kabla ya safari ijayo, kwa sababu betri ikifa BIOS huweza kusahau na ule mpangilio wa `Power On`, na mashine ikabaki imezima hadi urudi.